Mikia ya Łódź, Irabu za Kondoa

Mgeni akifika Poland, wenzake waliotangulia humwambia mapema kwamba Kipolandi kinaeleweka hata kikiandikwa bila mikia. Weka a badala ya ą, l badala ya ł, z badala ya ż na ź, watakuelewa tu. Ni kweli wanaelewa, na vijana wao wenyewe huandikiana hivyo kwenye simu kutwa nzima. Mimi ushauri huo siufuati, wala simpi mtu yeyote anayefikia kwangu. Herufi zenyewe ni tisa: ą, ć, ę, ł, ń, ó, ś, ź, ż. Mtu aliyeamua kufanya kazi mahali, kulipa kodi, kulea watoto na kuzika wazee mahali hapo, herufi tisa hazimshindi.

Nasema haya nikiwa Mrangi wa Kondoa ninayeishi Łódź, mji wa katikati ya Poland uliokua kwa viwanda vya nguo. Jina lake hutamkwa karibu na "wuuch". Lina herufi nne, na tatu kati ya hizo hazimo kwenye kibodi ya Kiingereza. Tangu mwaka 1952 Chuo Kikuu cha hapa kina shule ya kuwafundisha wageni Kipolandi kabla hawajaanza masomo ya shahada, na vijana wengi wa Kiafrika wamepita humo. Ukikutana na mzee aliyesoma Poland enzi za ujamaa, muulize alianzia wapi. Mara nyingi atakutajia Łódź, na atalitamka jina sawasawa.

Mama mkwe wangu alikuwa karani mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha pamba, wakati viwanda hivyo vilipokuwa bado vinanguruma. Leo ni katibu wa chama cha wenye bustani, vile viwanja vidogo vya familia wanavyoviita działki, ambako watu wa maghorofani hulima nyanya, matofaa na maua. Matangazo ya chama anayaandika yeye, kwa kompyuta ya mezani iliyoachwa na marehemu baba mkwe. Ni ya zamani, inaendeshwa na Windows XP, na haijaunganishwa na intaneti kwa sababu mfumo huo uliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014. Intaneti haimhusu. Anaandika tangazo, analichapa, anakwenda kulibandika langoni.

Siku moja ya vuli tulimkuta mezani na rundo la karatasi na kalamu nyeusi. Lilikuwa tangazo la kufunga maji ya bustani kabla ya baridi kali, maana mabomba yakiachwa na maji ndani hupasuka yanapoganda. Kompyuta ilikuwa imemnyima herufi za Kipolandi. Alikuwa amechapa nakala zote bila alama, na sasa alizipitia moja baada ya nyingine, akitia kwa mkono kamkia chini ya ę, mstari wa kukata ł, nukta juu ya ż. Aliporuka alama moja, alirudi nyuma na kuitafuta. Mke wangu akamwambia, "Mama, si wataelewa tu." Akajibu bila kuinua uso: "Kuelewa wataelewa. Lakini hapo chini kuna jina langu." Kisha akanigeukia: "Mwanangu, hebu itazame hiyo mashine."

Kibodi ikikataa herufi hizi, usikimbilie dukani. Kwanza pima kama kilichokufa ni kitufe au kilichobadilika ni mpangilio. Kibodi nyingi za Poland zina sura ileile ya Kimarekani na herufi zao hazijaandikwa popote juu ya vitufe. Unashikilia Alt ya kulia, unabonyeza herufi ya kawaida: kwa a unapata ą, kwa l unapata ł, kwa n unapata ń. Kwenye z kulikuwa na wawili wanaogombea nafasi moja, hivyo ż ikabaki kwenye z na ź ikahamia x iliyo jirani. Katika Windows, Alt ya kulia kwa mpangilio huu ni sawa na kushika Ctrl na Alt kwa pamoja. Kipimo ndicho hicho: shika Ctrl na Alt za kushoto, bonyeza a. Ikitokea ą, mpangilio ni mzima na Alt ya kulia ndiyo mbovu. Isipotokea, kibodi haina kosa. Kompyuta imeacha kuhesabu kwamba inaandika Kipolandi.

Yake ilikuwa imeacha. Karibu na saa, chini pembeni, palisomeka EN, na ndani ya mipangilio ya lugha Kipolandi kilikuwa kimeondolewa chote. Nilipouliza nani aliigusa mara ya mwisho, nikaambiwa ni mjukuu, na kijana alieleza vizuri kilichotokea. Alikuwa anaandika, ghafla z na y zikabadilishana nafasi. Alihangaika, akaona kwenye mipangilio pana vitu viwili vyenye jina la Kipolandi, akadhani vinagongana, akavifuta vyote viwili.

Havikuwa vinagongana. Windows ina mipangilio miwili ya Kipolandi, na kila mmoja una historia yake. Mmoja huitwa wa wapiga chapa. Huo umefuata taipureta za Poland: z iko juu mahali pa y, na herufi zenye alama zina vitufe vyake upande wa kulia. Wa pili huitwa wa waprogramu. Kompyuta za Magharibi zilipoanza kuingia Poland miaka ya 1980 zilikuja na kibodi za Kimarekani, na waliozitumia kwanza walikuwa waandishi wa programu, watu wanaohitaji mabano na nukta mkato kila dakika. Hawakukubali kuvipoteza vitufe hivyo, wakazificha herufi za kwao nyuma ya Alt. Mpangilio wao ndio ulioshinda nchi nzima. Pale ambapo yote miwili imewekwa, mtu akibonyeza Ctrl na Shift kwa pamoja bila kukusudia, kompyuta inahama kutoka mmoja kwenda mwingine. Ndivyo z na y za kijana zilivyobadilishana.

Nilirudisha yote miwili: Paneli Dhibiti, mipangilio ya eneo na lugha, kisha kuongeza lugha ya kuandikia. Kwa mjukuu niliacha wa waprogramu. Kwa mama mkwe niliuweka wa wapiga chapa uwe wa kwanza, na njia ya mkato ya kuhama nikaizima ili asije akahamishwa bila kujua. Aliketi, akaweka vidole, akaandika bila kutazama chini. Kulia kwa l, mahali ambapo kitufe kimechapwa alama ya nukta mkato, aliikuta ł pale ilipokuwa kwenye taipureta ya kiwandani. Alichapa upya tangazo zima, nakala zote, ingawa zile za kalamu zilikuwa zimekamilika.

Hitilafu hizi zina ndugu zake. Kwenye mpakato wangu wa zamani, niliokuja nao kutoka Kariakoo, herufi zote zilikuja isipokuwa ć. Kumbe programu ndogo ya kadi ya picha ilikuwa imejitwalia Ctrl na Alt na C kama njia yake ya mkato, na kwa kuwa Alt ya kulia hubeba Ctrl ndani yake, kila nilipotaka ć programu hiyo iliidaka kwanza. Nilizima njia zake za mkato, ć ikarudi. Mwaka 2015 Marcin Wichary, mbunifu mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi Medium, jukwaa la kuandikia mtandaoni, alieleza kwa urefu kisa cha namna hiyo: kwenye jukwaa hilo ś ilikuwa haiandikiki, kwa sababu waandishi wa programu walikuwa wamezuia Ctrl na S ili mtu asiuhifadhi ukurasa bila sababu, na ś ikazuiwa pamoja nayo. Hakuna aliyewakusudia Wapolandi ubaya. Waliojenga hawakuwa na herufi hiyo vidoleni mwao, basi. Sehemu kubwa ya unyonge wa lugha kwenye mashine hutokea kwa njia hii, na ndiyo maana mwenye lugha asiposema, hakuna atakayemsemea.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Mama mkwe alinionyesha mafaili ya marehemu mumewe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua na kumbukumbu za familia, ambayo kwa miaka hayasomeki. Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba, na lazima kuwe na mapatano namba gani ni herufi gani. Poland ilikuwa na mapatano mengi kwa wakati mmoja. Kulikuwa na yale ya Mazovia, yaliyotungwa kwa ajili ya kompyuta ya Kipolandi yenye jina hilo katikati ya miaka ya 1980. Kulikuwa na ya IBM, namba 852. Kulikuwa na ISO 8859-2 ya mwaka 1987, ambayo Poland iliipokea kuwa kiwango cha taifa mwaka 1993. Kisha Windows ikaja na yake, namba 1250, inayokubaliana na ISO kwa herufi nyingi lakini ikatofautiana nayo kwenye ą, ś na ź. Namba 134 ni ą katika Mazovia. Katika 852 hiyohiyo 134 ni ć. Ukilifungua faili kwa mapatano yasiyo yake, kila ą ya marehemu inageuka ć, na anaonekana kama mtu asiyejua kuandika.

Bado yapo mabaki ya vita hiyo. Nimewahi kupokea kifurushi kilichoandikwa mji wangu "£ód¼", alama ya pauni mwanzoni na robo mwishoni. Aliyezoea anajua papo hapo kwamba ni ISO 8859-2 imesomwa kana kwamba ni maandishi ya Ulaya Magharibi. Unicode, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ilikuja kumaliza ugomvi huo kwa kuipa kila herufi namba yake isiyogawana na nyingine, lakini faili la zamani halijibadilishi lenyewe. Nilikaa na mafaili ya baba mkwe Jumapili nyingi, faili moja moja, nikibadilisha kutoka Mazovia kwenda Unicode. Mama mkwe aliketi kando. Majina ya shangazi na wajomba yalipojitokeza yakiwa kamili aliyasoma kwa sauti, na baadhi ya watu hao nilikuwa nawasikia kwa mara ya kwanza, ingawa ni mababu wa watoto wangu.

Kwenye kazi hiyo ndipo nilipoanza kufikiria upande wa pili wa maisha yangu. Sisi tunaoandika Kiswahili shida hii hatuijui. Kila herufi tunayoihitaji ipo kwenye kibodi ya Kiingereza, na kwa ng' tunakopa alama iliyopo tayari. Haikuwa hivyo siku zote. Kiswahili cha miswada ya Lamu na Pate kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina p, hazina v, hazina ch, na waandishi wa pwani walilazimika kubuni au kumwachia msomaji akisie. Herufi za Kilatini zilipokuja kushika hatamu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikaanza kusanifisha tahajia moja kwa nchi za Afrika Mashariki, tulipata maandishi ambayo mashine za Ulaya ziliyakubali bila swali. Nashukuru kwa hilo. Kiswahili ndiyo lugha ninayoandikia safu hii na ninayowaandikia ndugu zangu, nacho kina BAKITA tangu 1967, kina shule, redio na magazeti.

Lakini mama yangu mzazi, Kondoa, hazungumzi nami Kiswahili. Tunazungumza Kirangi, ambacho sisi wenyewe tukikiandika ipasavyo ni Kɨlaangi. Lugha hiyo ina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na hizo mbili zimepewa ɨ na ʉ, i na u zilizokatwa mstari. Hakuna mtu ninayemjua anayeziandika kwenye simu. Wote tunaweka i na u za kawaida, na kuelewa tunaelewa, kama Wapolandi. Wakikuyu wa Kenya, wenye ĩ na ũ zao, wanalijua jambo hili vizuri. Fungua ujumbe wao wa simu uone ni wangapi wanahangaika kutia alama.

Tofauti iko kwa wanaozilinda. Mwaka 2013 Baraza la Lugha ya Kipolandi liliendesha kampeni nzima ya kuwahimiza watu wasiache mikia yao kwenye simu na kompyuta. Nchi ya watu milioni thelathini na kitu, yenye magazeti na vyuo vikuu vyake, iliona hatari na ikasema. Kirangi hakina baraza, hakisomeshwi shuleni, na kinavyoandikwa bila irabu zake ndivyo vijana watakavyokisoma, kisha ndivyo watakavyokitamka. Nikiweka nyumba zangu mbili pamoja, ile inayonihitaji zaidi kwa jambo hili si Łódź.

Na hata hivyo Kondoa na Wapolandi si wageni. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamefukuzwa makwao na dola ya Kisovieti, wengi wao wanawake na watoto, walipitia Iran na kuletwa Afrika Mashariki. Uganda ilipokea kambi za Masindi na Koja. Tanganyika ilipokea kambi kubwa kuliko zote, Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000, na nyingine ndogo: Ifunda, Kidugala, Morogoro, na Kondoa yetu. Walikuwa na shule za watoto wao, makanisa yao na makaburi yao. Wengi waliondoka baada ya vita, wakaenda Uingereza, Kanada na Australia, wachache walibaki. Makaburi ya Tengeru yanatunzwa hadi leo. Nimefika pale nikiwa likizo, nikasoma majina kwenye mawe polepole, kwa sababu sasa nilikuwa naweza kuyasoma. Ł imekatwa mstari wake, ż ina nukta yake. Watu walionyang'anywa nyumba na nchi, wakiwa chini ya Mlima Meru, hawakukubali kumzika mtu wao kwa jina pungufu.

Basi nilitengeneza mpangilio wangu. Microsoft ina programu ya bure ya kuunda mipangilio ya kibodi, na inafanya kazi hata kwenye mashine kuukuu. Nilichukua mpangilio wa Kipolandi wa waprogramu kama msingi, kwa sababu vidole vyangu vimeshauzoea, nikaanza kutafuta nafasi za Kirangi. Alt ya kulia pamoja na i ilikuwa tupu, nikaweka ɨ. Alt ya kulia pamoja na u ilikuwa na mwenyewe: Wapolandi waliiweka alama ya euro hapo, maana kwenye e palikuwa pameshakaliwa na ę. Nilitafakari kidogo. Poland iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 lakini bado inatumia złoty, na mimi mshahara wangu ni wa złoty. Euro niliihamishia kitufe kingine, ʉ ikakaa kwenye u, mahali ambapo mtoto yeyote wa Kondoa angeitafuta.

Herufi ndogo zilikubali mara moja. Herufi kubwa zilinipa kazi, kwa sababu Ʉ iliingizwa kwenye Unicode mwaka 2006, na fonti za mpakato wangu ni za kabla ya hapo; kila nilipoiita ilikuja kama kisanduku kitupu. Nilifunga fonti ya Charis SIL, iliyotengenezwa kwa kuzingatia lugha za namna hii, kisanduku kikatoweka. Sasa kwa kibodi moja, bila kuhama mpangilio, naandika barua kwa ofisi ya mkoa wa Łódź kuhusu kibali changu cha kuishi, na naandika orodha ya ukoo wetu kama mama anavyoisoma kwa sauti kwenye simu: babu, baba wa babu, mahali walipotoka, mto waliovuka. Namrudishia kwa kumsomea nilichoandika, naye husahihisha. Kuna jina moja la bibi ambalo nimeliandika maisha yangu yote kwa i, hata kwenye fomu za shule, na mama amesisitiza kwamba ni ɨ. Nimelibadilisha.

Watoto wangu wanaijua Łódź kuliko Kondoa, na sitawalaumu. Hapa ndipo walipozaliwa. Ninachowadai ni kwamba orodha ya upande wa mama yao na orodha ya upande wangu zikae kwenye kompyuta moja, zote mbili zikiwa na herufi zake zote. Ya upande wa mama yao imekamilika, kutoka kwenye mafaili ya Mazovia. Ya upande wangu imefika kizazi cha tano, na mama anasema mbele ya hapo aulizwe mjomba wake mmoja wa Kolo ambaye masikio yake ni mazito, kwa hiyo lazima mtu aende akaketi naye.

Atakwenda kaka yangu. Nimemtumia faili la mpangilio pamoja na fonti, naye ameviweka kwenye kompyuta ya duka lake la kuchapa na kutoa nakala pale Kondoa mjini, akawaonyesha walimu wawili wanaokuja kuchapa mitihani. Swali lao la kwanza lilikuwa kama itafanya kazi kwenye simu, kwa kuwa kompyuta ni za wachache na simu ni za wote. Ni swali sahihi. Mpangilio wangu ni wa Windows peke yake, na simu inahitaji kibodi yake, iliyotengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Nimeanza kujifunza namna ya kuitengeneza. Mrangi yeyote anayejua kazi hiyo kuliko mimi, awe Dodoma, Muscat au Toronto, naomba tuifanye pamoja.